Babu alizaliwa wilaya gani? Kitendawili cha nasaba Meru na Embu

KATIKA familia nyingi za Meru na Embu, majina ya mababu yaliyokuwa yakihifadhiwa vichwani mwa wazee sasa yanaingizwa katika kompyuta. Mjukuu huketi na nyanya yake, akauliza nani alimzaa nani, kisha akajaza majibu katika programu ya nasaba.

Majina huingia bila taabu. Taabu huanza programu inapouliza: alizaliwa wapi?

Chukua mfano wa Chogoria, ambako wamishonari wa Kiskoti walianzisha kituo chao mwaka 1922. Mtoto aliyezaliwa huko mwaka 1960 alizaliwa katika Wilaya ya Meru, Mkoa wa Kati, Koloni la Kenya. Mdogo wake aliyezaliwa mwaka 1970 katika nyumba ile ile alizaliwa Wilaya ya Meru, Mkoa wa Mashariki, Jamhuri ya Kenya. Wilaya hiyo kubwa ilianza kugawanywa katika miaka ya 1990, na tangu uchaguzi wa mwaka 2013 Chogoria imo katika Kaunti ya Tharaka-Nithi. Nyumba haikusogea hata hatua moja.

Embu nako ni vivyo hivyo. Kabla ya mwaka 1963, Ndia na Gichugu zilikuwa sehemu ya Wilaya ya Embu. Leo ziko Kirinyaga. Mbeere nayo ilitengwa na kuwa wilaya mwaka 1996, kisha ikarudi chini ya Embu kaunti zilipoundwa kwa Katiba ya 2010. Kwa hiyo cheti cha zamani kinachosema "Embu" huenda kinamhusu mtu wa Kerugoya.

Je, mwandishi wa nasaba aandike jina la zamani au la sasa?

Kanuni inayofuatwa na wengi ni kuandika mahali kama palivyoitwa siku ya tukio lenyewe, pamoja na tarehe. Mfumo wa GEDCOM, ambao programu nyingi huutumia kubadilishana habari, huandika mahali kuanzia padogo hadi pakubwa, kwa kutenganisha na alama ya mkato: kijiji, kata, wilaya, mkoa, nchi. Programu nyingine, kama vile Gramps inayopatikana bila malipo, humruhusu mtumiaji kukiunganisha kijiji kimoja na wilaya mbalimbali, kila moja kwa miaka yake.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wakiona mlolongo huo ni mrefu na unajaza ukurasa, huufupisha kwa kufuta sehemu zake. Hakuna haja. Kuhifadhi ni jambo moja na kuonyesha ni jambo jingine. Programu nzuri huweka mlolongo mzima, kisha humwachia mtumiaji aamue kionekane kijiji peke yake, au kijiji na kaunti. Kilichofichwa hurejeshwa kwa kubonyeza tu, kilichofutwa kimepotea.

Anwani nayo ina mtego wake. Mashambani hakuna nambari za nyumba, na familia nyingi zilipokea barua kupitia sanduku la posta la shule, kanisa au chama cha kahawa. Sanduku la Embu 60100 au Chuka 60400 huonyesha barua zilikofika, si alikozaliwa mtu. Liandikwe katika nafasi ya anwani, lisichanganywe na mahali pa kuzaliwa.

Msomaji ataona haya ni mambo madogo, lakini sivyo. Kwa desturi ya Waembu na Wambeere, na ya familia nyingi za Wameru, mtoto hupewa jina la babu yake. Nyaga wa Njeru humzaa Njeru wa Nyaga, naye humzaa Nyaga wa Njeru mwingine. Babu na mjukuu wana majina yale yale mawili, na kinachowatofautisha katika maandishi ni tarehe na mahali.

Wakichanganywa, madhara hufika hadi shambani. Katika kesi za urithi, mahakama huhitaji barua ya chifu inayowataja jamaa za marehemu, na nasaba iliyoandikwa vizuri humsaidia kila mmoja kueleza ametoka tawi gani.

Jambo moja la kutia moyo ni kwamba nambari za vipande vya ardhi hutanguliwa na jina la eneo la usajili, kwa mfano Ngandori au Kagaari, wala si la wilaya. Kagaari imegawanywa kuwa Kaskazini na Kusini, lakini jina hilo la zamani lingali kwenye hati. Anayeandika nasaba na alinakili lilivyo.

Basi kabla ya kumwuliza nyanya jina la wilaya, mwulize kwanza jina la kijiji, mto na kanisa la karibu. Serikali hubadilisha mipaka. Mto Thuci ungali unapita pale pale.