Tufaha la Kutafuna, Si la Kunywa

Mwaka 1977 Kenneth Heaton na wenzake wa Bristol, Uingereza, waliwalisha watu kumi wenye afya njema matufaha ya namna tatu: mazima, yaliyosagwa yakawa rojo, na juisi yake. Wanga na sukari vilikuwa gramu 60 kila mara. Juisi ilinyweka kwa kasi mara kumi na moja kuliko tunda zima lilivyolika. Hata wanywaji walipotakiwa kwenda taratibu, wamalize kwa muda uleule wa watafunaji, bado hawakushiba kama wao.

Damu nayo ilionyesha tofauti. Sukari ilipanda karibu sawa kwa milo yote mitatu, ila baada ya juisi insulini ilipanda zaidi, kisha sukari ikaporomoka kupita kiasi. Kwa waliotafuna, mporomoko huo haukuonekana. Tunda lilelile, sukari ileile. Kilichobadilika ni namna linavyofika tumboni.

Huku kwetu juisi imepewa heshima kubwa mno. Mtu akilazwa, ndugu humpelekea boksi la juisi wakiamini wamempelekea tunda. Kwa mwenye kisukari, au anayekinyemelea, jambo hili ni zito. Mwaka 2013 jarida la tiba la BMJ lilichapisha uchunguzi wa Marekani uliofuatilia wahudumu wa afya zaidi ya 187,000 kwa miaka mingi. Waliokula matunda mazima mara kwa mara, matufaha yakiwa miongoni mwa yaliyoongoza, walipata kisukari cha aina ya pili kwa nadra zaidi. Waliozoea juisi walikipata zaidi. Uchunguzi wa aina hiyo peke yake hauthibitishi chanzo, lakini unaelekea kulekule ulikoelekea wa Bristol.

Tufaha la wastani, lenye gramu 180 hivi, lina gramu 4 za nyuzinyuzi likiliwa na ganda. Sehemu yake ni pektini, ileile inayogandisha jemu. Ikikutana na maji tumboni hugeuka ute mzito, chakula kikatoka polepole na sukari ikaingia kwenye damu kidogo kidogo. Mbele zaidi, pektini hunasa asidi za nyongo, zikatoka na choo. Ini hulazimika kutengeneza nyingine, na malighafi yake ni kolesteroli, hivyo huivuta kutoka kwenye damu. Kiasi kinachopungua si kikubwa, wala si mbadala wa dawa, lakini kimepimwa na kuonekana. Pektini ikifika utumbo mpana, bakteria huichachusha na kutoa asidi zinazolisha kuta za utumbo. Juisi angavu ya boksi imechujwa karibu yote hayo.

Ganda lisimenywe. Humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya kwasetini, kemikali ya mimea inayochunguzwa kwa manufaa yake kwa mishipa ya damu. Lioshwe tu vizuri kwa maji yanayotiririka.

Fikra hii ya nyuzinyuzi kuwa kinga ina mizizi Afrika Mashariki. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala. Hugh Trowell alitibu Kenya na Uganda kwa miongo kadhaa. Waliona kwamba kidole tumbo, kufunga choo na kisukari, maradhi yaliyojaa hospitali za Uingereza, yalikuwa nadra kwa wanavijiji waliokula vyakula visivyokobolewa. Mwaka 1975 walitoa kitabu kuhusu vyakula vilivyokobolewa na maradhi. Kwangu mimi, inauma kuona watu ambao milo ya wazee wao ilifundisha ulimwengu sasa wakikimbilia unga mweupe na vinywaji vya boksi.

Basi asiyemudu tufaha lililosafiri kutoka Afrika Kusini hajakosa kitu. Yapo ya Njombe na Lushoto, na hata hayo yasipopatikana, lipo pera. Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C. Tufaha halifikishi 5. Kwa nyuzinyuzi, pera ni maradufu. Fedha ya tufaha moja la dukani mara nyingi hununua fungu zima la mapera sokoni, nayo huliwa na ganda na mbegu zake, bila blenda wala chujio.