Simu ya ofisi Kasumulu ni ya nani?

Ukishuka kwenye gari Kasumulu, kabla hata hujaliona daraja la Mto Songwe, simu yako inaweza kukuarifu kwamba umefika mpakani. Saa yake inarudi nyuma kwa saa nzima. Imenasa mnara wa ng'ambo ikajihesabia kuwa iko Malawi, ambako saa nne ya asubuhi yetu ni saa tatu. Kwa msafiri hilo ni jambo la kusimulia akifika nyumbani. Kwa wakala wa forodha aliyeahidiana na mwenye mzigo wa Karonga, ni mtu mmoja kukaa ofisini akisubiri huku mwingine akiamini bado ana muda wa kunywa chai.

Nimeanza na saa kwa sababu Kasumulu ndiyo sehemu inayonifanya nisiwaamini wanaosema kuchagua programu ya kupigiana simu na kutumiana ujumbe ofisini ni kazi ya kijana wa kompyuta. Mpakani hapa maneno hutangulia malori. Lori la mbolea au saruji linapotoka Bandari ya Dar es Salaam kwenda Malawi, linapanda mpaka Mbeya, linashuka Tukuyu katikati ya chai na migomba, kisha linaingia bonde la Kyela. Njia nzima mtu anamuuliza mwenzake: gari liko wapi, karatasi zimetoka, kodi imelipwa, dereva amelala wapi? Tamko la mzigo lenyewe lina mfumo wake wa serikali. TRA ilianza kutumia TANCIS mwaka 2014, na baadaye likaja dirisha moja la kielektroniki, TANeSW. Lakini swali la "gari liko wapi?" halina kisanduku kwenye mfumo wowote wa serikali. Linaulizwa kwenye simu ya karani, na mara nyingi kwenye WhatsApp.

Kwa hiyo ofisi nyingi za namna hii hazikuwahi kuchagua chochote. Karani aliajiriwa akiwa na simu yake, simu ikiwa na WhatsApp yake, na wateja wakaanza kumtumia nyaraka. Likafunguliwa kundi la madereva, likafuata la wateja wa Lilongwe, kisha la ofisi yenyewe, na yote yako chini ya namba moja ya kijana mmoja. Mambo yanakwenda vizuri mpaka siku kijana huyo anapopata kazi nzuri zaidi Tunduma.

Hapo ndipo mwenye ofisi anagundua kwamba alikuwa na meza, kiti, mashine ya kuchapa na kibao cha jina barabarani, lakini biashara yenyewe imeondoka mfukoni mwa mtu. Namba ni ya karani, kaisajili kwa kitambulisho chake cha NIDA na alama zake za vidole. Mwaka mzima wa picha za ankara, makubaliano ya bei na ahadi za malipo umo humo. Huwezi kumshtaki, kwa kuwa hajaiba kitu. Mwenye mzigo wa Mzuzu akipiga, anapokewa na mtu aliye Tunduma, na ni haki yake kuendelea naye. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo daftari hilo ni mazungumzo ya simu.

Ndiyo maana kwangu swali la programu ipi linakuja la pili. La kwanza ni la namba. Ofisi iwe na laini yake, iliyosajiliwa kwa jina la kampuni kwa nyaraka za biashara, na kama biashara haijafikia hapo, basi kwa jina la mwenye mali mwenyewe. Simu ya laini hiyo ilale ofisini. Iwekewe namba ya siri ya tarakimu sita ambayo WhatsApp huiita uthibitisho wa hatua mbili, ili hata mtu akifanikiwa kuirudisha laini hiyo kwa hila asiweze kufungua mazungumzo. Wafanyakazi waunganishe kompyuta na simu zao kwenye namba hiyo moja. WhatsApp inaruhusu vifaa vinne zaidi ya simu mama. Simu mama isipofunguliwa kwa siku 14 vifaa hivyo hutolewa, basi isije ikafungiwa kabatini ikasahaulika. Siku mfanyakazi anaondoka, kifaa chake kinaondolewa kwa kugusa mara moja, naye anaagwa kwa heri, kila mtu akibaki na kilicho chake.

Tukishamaliza namba, programu haitusumbui sana. Ofisi ya mpakani haina uhuru wa kuchagua mlango wa mbele, kwa kuwa mlango huo huchaguliwa na anayebisha hodi. Dereva wa lori hatapakua Slack ili akuambie tairi limepasuka Uyole. Mwenye mzigo Lilongwe hatafungua Microsoft Teams kwa ajili ya kukutumia picha ya stakabadhi. Wako WhatsApp, basi nenda WhatsApp, ila chukua ile ya biashara, iliyotoka Januari 2018 na haina malipo kwa ofisi ndogo. Ndani yake utaweka saa za kazi, majibu ya haraka kwa maswali yanayojirudia, na alama za kutenganisha mteja aliyelipa na anayesubiri. Katika majibu hayo ya haraka, kila inapotajwa saa, andika "saa ya Tanzania". Maneno hayo matatu yatakuokoa na ugomvi mwingi.

Ndani ya ofisi mambo ni tofauti. Maneno ya wafanyakazi kwa wafanyakazi, ya mishahara, ya bei ambayo mteja hapaswi kuijua, hayafai kukaa kwenye chombo kimoja na yale ya wateja. Siku moja picha itatumwa kundi lisilo lake. Kwa hayo mimi ningechukua Signal, inayoendeshwa na taasisi isiyo ya faida na ambayo mazungumzo yake yote yamefungwa kiasi kwamba hata mwenye mtambo hawezi kuyasoma. Telegram inasifiwa kwa kubeba mafaili makubwa, hadi gigabaiti mbili kwa moja, na kwa kutuma nyaraka nzito ni kweli inafaa. Ila wengi wanaoitumia hawajui kwamba mazungumzo yake ya kawaida hayafungwi namna hiyo. Ni yale tu unayoyafungua makusudi kama mazungumzo ya siri. Zoom ibaki kwa mkutano na makao makuu, ukikumbuka kwamba mkutano wa bure hukatika baada ya dakika 40.

Kuna hofu nyingine ninayoisikia kila nikizungumzia jambo hili: bando. Tupige hesabu. Programu nyingi hizi husafirisha sauti kwa namna iitwayo Opus, iliyowekwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2012 na inayoweza kushuka hadi kilobiti 6 kwa sekunde. Tuseme simu inatumia kilobiti 24. Gawa kwa nane upate kilobaiti 3 kwa sekunde, sawa na 180 kwa dakika. Unasema na kusikiliza, kwa hiyo 360. Ongeza bahasha za kubebea sauti, bado saa nzima ya maongezi inabaki kwenye makumi ya megabaiti. Kinachokula bando la ofisi ni video za kuchekesha zinazojipakua zenyewe kwenye makundi. Ingia kwenye mipangilio, zima upakuaji wa video, uone tofauti. Na kwa Kasumulu hasa, zima romingi na uchague mtandao wako kwa mkono, la sivyo simu itavuka mto peke yake na salio litaliwa ng'ambo bila wewe kunyanyua mguu. Hakikisha pia namba za wateja zimehifadhiwa kwa ukamilifu. Ya kwetu huanza na +255, yao +265, tofauti ni tarakimu moja, na nyaraka za mteja zimewahi kufika kwa mtu mwingine kwa kosa dogo kuliko hilo.

Sasa jambo ambalo mafundi hulipita haraka, nami sitalipita. Chombo chochote cha intaneti kinaweza kunyamaza. Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takribani saa sita kwa kosa la mafundi wao wenyewe. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na Afrika Mashariki ikatambaa. Mkongo wetu wa Taifa wa Mawasiliano umefika mpaka Kasumulu na kuvuka kwenda Malawi, lakini mkongo wa nchi kavu hauwezi kukupa kilichokatika chini ya bahari. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Siku kama hizo ofisi iliyoweka kila kitu kwenye programu moja inakaa kimya na lori limesimama. Dawa yake ni ya zamani na ya bei ndogo: namba za madereva wote na wateja wote zikiwa zimeandikwa kwenye daftari la karatasi, vocha ya akiba ya simu ya kawaida, na makubaliano ya mapema kwamba WhatsApp ikinyamaza tunarudi kwenye ujumbe mfupi.

Wala programu zenyewe hazidumu. Wenye umri wangu wanakumbuka TTCL ikiwa na haki ya peke yake ya simu za kimataifa hadi Februari 2005, na kumpigia ndugu aliye nje kulivyokuwa gharama ya kuhesabu kwa dakika. Skype, iliyozaliwa 2003, ilituonjesha kwa mara ya kwanza maongezi marefu bila kutazama saa. Microsoft waliinunua mwaka 2011 kwa dola bilioni 8.5, na Mei 5, 2025 wakaifunga. Ofisi zilizokuwa zimechapisha jina lao la Skype kwenye kadi za biashara zilibaki na kadi.

Halafu kuna sheria. Fikiria picha zilizomo kwenye simu ya wakala mmoja wa Kasumulu: pasipoti, leseni za madereva, namba za mlipakodi, ankara zenye bei za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde na asizitumie nje ya lengo lililozileta. Pasipoti ya dereva iliyotupwa kwenye kundi la watu 200 kwa sababu tu ndilo lililokuwa wazi haijalindwa. Picha hiyo iende kwa mhusika mmoja, kazi ikiisha ihamishiwe kwenye jalada la mteja, kisha ifutwe kwenye simu.

Makundi makubwa yana hatari nyingine. Machi 2025 Malawi ilizuia mazao kadhaa kuingia kwake, yakiwemo mchele na ndizi, mazao ambayo Kyela na Rungwe zinayategemea. Aprili Tanzania ikajibu kwa zuio lake. Katika siku kama zile mwenye ndizi zinazoiva juu ya lori huamini ujumbe wowote unaosema mpaka umefunguliwa. Ujumbe uliosambazwa mara nyingi bila jina la aliyeutoa si taarifa ya kazi. Ofisi inayojiheshimu iwe na mtu mmoja anayethibitisha kwa simu na mamlaka husika, na tamko litoke kwenye namba ya ofisi peke yake, ili dereva aliyeko Ibanda ajue pa kuamini.

Kama una ofisi, iwe Kasumulu, bandarini Kiwira au popote usomapo gazeti hili, usianze kwa kupakua programu mpya wikendi hii. Chukua kitambulisho chako cha NIDA, bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Kama namba iliyoandikwa kwenye kibao cha ofisi yako haimo, wala haimo kwenye nyaraka za kampuni, Jumatatu asubuhi anza na hiyo.