KARANGA KATIKA CHAKULA CHA NYUMBANI
Faida zake kwa mwili, na namna ya kuzihifadhi zisiingie sumu

Wakulima wengi hulima karanga, ambazo mahali pengine huitwa njugu nyasa, kwa nia ya kuziuza tu. Zikiisha kukauka hutiwa maguniani na kupelekwa sokoni, na nyumbani hubaki chache za watoto kutafuna, au hazibaki kabisa. Fedha ni kitu cha lazima, wala hapana awezaye kumlaumu mtu auzaye mazao yake. Lakini yafaa kila mwenye shamba ajue thamani ya kitu anachokitoa nyumbani mwake. Hutokea mara nyingi kwamba karanga zimeuzwa, na watu wa nyumba ile wakaendelea kula ugali na mboga kidogo, hali miili yao inakosa vitu vile vile vilivyokuwamo ndani ya gunia.

1. KARANGA NI MMEA GANI

Asili ya karanga ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio waliozileta Afrika katika karne ya 16. Ingawa watu huzihesabu pamoja na njugu, si tunda la mti kama korosho. Ni jamaa ya kunde, choroko na maharage. Ua huchanua juu ya ardhi, kisha kikonyo chake huinama na kuingia udongoni, na ganda hukua huko chini. Kwa sababu ya ujamaa huo karanga zina protini, yaani kile kijengacho mwili, kuliko njugu nyingi za miti. Gramu 100 za karanga zina protini gramu 25 hivi. Njugu za hezeli, zilimwazo sana Uturuki na kupendwa Ulaya, zina gramu 15 tu.

2. VITU VILIVYOMO

Katika gramu 100 za karanga kavu, karibu nusu ya uzito, yaani gramu 49, ni mafuta. Nguvu yake ni kalori 567 hivi. Unga wa mahindi wa uzito ule ule una kalori 360 hivi, protini gramu 8 au 9, na mafuta yasiyofika gramu 5. Konzi moja ya karanga, kiasi cha gramu 30, humpa mtu protini kupita yai moja la kuku.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mtoto mdogo. Tumbo lake ni dogo, na uji wa mahindi mtupu hulijaza upesi kwa maji kabla hajapata nguvu ya kumtosha. Uji ule ukitiwa unga wa karanga, bakuli lile lile huwa na nguvu zaidi na cha kujengea mwili zaidi.

Tena karanga zina vitamini E, foleti ambayo ni ya lazima kwa mwanamke mwenye mimba, na madini ya magnesi na zinki. Lakini kitu cha kuangaliwa zaidi kwa watu walao mahindi ni vitamini iitwayo niasini. Mahindi yanayo, ila imefungwa ndani ya punje hata mwili hauwezi kuichukua vema. Mtu alaye mahindi karibu peke yake kwa miezi mingi huweza kupata ugonjwa wa pelagra: ngozi ya mikono na shingo, pale jua lipigapo, hugeuka nyeusi na kubambuka, tumbo huharisha, akili huchafuka, na asipotibiwa hufa. Gramu 100 za karanga zina niasini miligramu 12 hivi.

Ushahidi wa jambo hili ulionekana Malawi. Wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa huko walikuwa wakigawiwa mahindi pamoja na karanga. Mgao wa karanga ulipokatika kwa miezi kadhaa, pelagra ikazuka, na katika mwaka 1990 wakaugua watu zaidi ya 17,000. Mahindi hayakukoma kugawiwa. Kilichopungua ni karanga.

3. VITU VISIVYOMO

Isidhaniwe kwamba karanga zatosha peke yake. Hazina vitamini A wala vitamini C, na protini yake ina upungufu wa sehemu moja iitwayo laisini, ambayo hata mahindi yana kidogo. Kwa hiyo yapasa kula pia maharage au kunde, na dagaa, maziwa au mayai kwa awezaye kuyapata. Na mboga za majani na matunda kila siku.

Wazee wetu wapikao mchicha au kisamvu kwa karanga hufanya jambo la busara. Majani yana asili ya vitamini A, lakini mwili hauichukui vema pasipo mafuta. Na mafuta hayo yamo katika karanga.

4. NAMNA YA KUWALISHA WATOTO

Mtoto asiyetimiza miezi sita apewe maziwa ya mama tu. Baada ya hapo aanze kupewa uji uliotiwa karanga zilizotwangwa laini. Mtoto chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, maana huweza kumpalia na kumwua. Mara ya kwanza apewe kidogo sana, na mama amwangalie. Wako watu wachache ambao karanga huwavimbisha uso na kuwabana pumzi, nao wasizile kabisa.

Mtoto aliyekwisha konda sana au kuvimba miguu apelekwe hospitali bila kukawia. Huko hupewa chakula cha dawa kilichotengenezwa kwa karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta na vitamini. Karanga za nyumbani hazitoshi kuwa badala yake.

5. SUMU YA UKUNGU

Chakula hiki chema huweza kugeuka sumu. Karanga zisipokauka vema huota ukungu, na ukungu huo hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa bata mzinga wapatao 100,000 kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye sumu hiyo, na hapo ndipo wataalamu walipoanza kuitambua. Mahindi nayo hupatwa vivyo hivyo. Mwaka 2004 mashariki ya Kenya watu 317 waliugua kwa kula mahindi yaliyoota ukungu, na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016 watu wengine walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Tena sumu kidogo kidogo iliwayo kwa miaka mingi huharibu ini na kuleta saratani. Kukaanga au kuchemsha hakuiondoi yote. Basi kinga ni hii:

(a) Ng'oa karanga zikiisha kukomaa, usizikawize shambani.
(b) Usizipasue maganda kwa jembe, zilizopasuka zitenge.
(c) Zianike juu ya mkeka, turubai au kichanja, wala si juu ya udongo mtupu, na mvua isizinyeshee.
(d) Tikisa ganda karibu na sikio. Karanga ikicheza na kulia ndani, imekauka.
(e) Usizinyunyizie maji ili zimenyeke upesi. Desturi hii huamsha ukungu mara moja.
(f) Zihifadhi katika maganda yake, ndani ya magunia makavu, juu ya magogo, mbali na ukuta.
(g) Kabla ya kupika, chagua. Zilizonyauka, zilizogeuka rangi, zenye ukungu au uchungu zitupwe. Asipewe mtu, wala kuku, wala ng'ombe. Maana sumu huweza kupita hata katika maziwa.

6. KIASI CHA KUWEKA NYUMBANI

Mkulima na afanye hesabu kabla mnunuzi hajafika. Nyumba ya watu sita, kila mmoja akila konzi moja kwa siku, hutumia gramu 180. Kwa mwaka mzima ni kilo 66 za karanga zilizomenywa, au karibu kilo 95 zikiwa na maganda. Asiyeweza kuweka zote na aweke nusu, na za watoto na mama wenye mimba na wanyonyeshao zitangulie. Kiasi hicho kikiisha kutengwa na kufungwa, zilizosalia ndizo za kuuzwa.

Mwenye shaka juu ya ukaushaji au ghala na amwulize Bwana Shamba wa mahali pake.