Neno moja kwenye hati ya bima, na safari ya Kaya ikasimama

ORABA, Koboko – Canter ilikuwa imeshapakiwa sabuni, unga na mabati tangu alfajiri. Foleni ya mpakani ilikuwa fupi siku hiyo, na shemeji yangu alishaanza kuhesabu atakachouza Kaya kabla jua halijatua. Kilichomzuia hakikuwa forodha. Nilimzuia mimi, maana nilipokuwa nikingoja chai niliitoa hati yake ya bima kwenye kisanduku cha mbele nikaanza kuisoma.

"Shem, hapa wameandika gari ni la matumizi binafsi."

"Hayo maneno ya ofisini," akajibu. "Stika si iko kiooni?"

Stika ilikuwa kiooni kweli, na polisi wa barabarani kati ya Arua na Oraba hawaangalii zaidi ya hapo. Sheria ya Uganda ya mwaka 1989 inamtaka kila mwenye gari awe na bima ya kufidia watu wengine anaoweza kuwadhuru, na stika ndiyo ushahidi wake. Lakini stika haikuambii kampuni imekubali kubeba hatari gani. Hilo liko ndani ya hati, kwenye ile karatasi ambayo wengi wetu huikunja na kuisahau mpaka siku ya ajali.

Gari likiandikwa la binafsi halafu likapata ajali limebeba mzigo wa biashara, kampuni ina sababu ya kukataa kulipa au kuvuta shauri miezi mingi. Na anayevuka hapa ana sababu zake za kuogopa ajali. Uganda tunaendesha kushoto, Sudan Kusini wanaendesha kulia. Dereva anabadilisha upande palepale mpakani, akiwa na mzigo kamili na usingizi machoni.

Tulipoendelea kusoma tukakuta tarakimu mbili za chasisi zimepinduliwa. Kosa hilo ni la kuandika tu, lakini ina maana kwamba kwenye karatasi gari lililowekewa bima halikuwa lile tulilokuwa tumelikalia.

Kisha ankara. Ada ilikuwa shilingi 1,200,000. Ukiacha tozo ndogondogo, kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18, yaani 216,000, jumla 1,416,000. Shemeji alikuwa amelipa 1,670,880. Nilipiga hesabu mara tatu kwenye simu ndipo nikaelewa: wakala alikuwa ameichukua ile jumla yenye kodi ndani yake, akaitoza kodi tena. Mfanyabiashara anayebishania shilingi mia tano kwenye bei ya katoni ya sabuni alikuwa ameachia zaidi ya laki mbili na nusu bila kuuliza. Namtania, lakini naye ananijibu kwamba sabuni anaijua na bima haijui.

Mzigo ukahamishiwa kwenye lori la kukodi, faida ya siku ile ikaishia kwenye nauli, nasi tukageuza kurudi Arua. Wakala hakukataa kosa. "Mzee, hiyo ni kompyuta tu," alisema, "tutarekebisha mwakani ukija kulipia tena." Hapo ndipo wengi hukubali na kuondoka, kwa sababu wakala ni kijana wa mtaani, anasalimia vizuri, na labda mmesali pamoja.

Lakini wakala si kampuni. Anauza kwa niaba yake, na makosa yake kampuni ndiyo inayopaswa kuyajibu. (Dalali wa bima ni mwingine: yeye anamwakilisha mteja. Ukienda kununua, uliza unayezungumza naye ni yupi.) Kwa hiyo tuliandika barua ya ukurasa mmoja kwa kampuni yenyewe, tukaambatisha nakala ya kadi ya gari, risiti na ujumbe wa simu wa malipo, tukaomba nakala yetu igongwe muhuri wa kupokelewa. Asiyeridhika na jibu la kampuni anaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima ya Uganda. Ina ofisi ya kusikiliza wateja, na huduma hiyo hailipiwi. Sisi hatukufika huko, ingawa nadhani kuitaja mamlaka kwenye mstari wa mwisho wa barua kulisaidia.

Jambo jingine lililojitokeza ni mipaka. Hati ya zamani ilisema Uganda tu. Wasafirishaji wengi huamini kwamba Kadi ya Njano ya COMESA, iliyoanza kutumika mwaka 1987, inafungua kila mlango. Kadi hiyo hutumika katika nchi zilizojiunga na mpango wake, na si lazima ziwe wanachama wa COMESA: Tanzania ilijitoa kwenye jumuiya hiyo mwaka 2000 lakini imebaki kwenye kadi. Inashughulikia madhara kwa watu wengine na matibabu ya dereva na abiria. Mabati yako hayamo, na Canter yenyewe haimo. Kadi pia huambatana na bima ya nyumbani, hivyo bima ya nyumbani ikiwa na kasoro, kadi nayo ina mashaka. Anayekwenda Kaya au Yei amwambie wakala amwonyeshe jina la Sudan Kusini kwa maandishi kabla ya kutoa pesa. Uanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016 hauandiki jina hilo kwenye karatasi ya mtu.

Baada ya siku tisa hati ya marekebisho ikatoka. Chasisi sahihi, matumizi ya biashara, Sudan Kusini imetajwa. Ila bima ya biashara ni ghali zaidi: ada mpya ilikuwa 1,500,000, na kodi 270,000, jumla 1,770,000. Badala ya kurudishiwa pesa, shemeji alidaiwa nyongeza ya 99,120.

Alinung'unika kutoka kaunta mpaka mlangoni. Kisha akarudi, akailipa kwenye akaunti ya kampuni, si kwenye simu ya wakala, na akasimama palepale kaunta akisoma risiti neno kwa neno huku watu watatu nyuma yake wakingoja.