Utambuzi wa usonji na ADHD: mfano wa Nduruma, Arusha

Utambuzi wa usonji na ADHD ni kazi ya kitaalamu ya kubaini kama mtoto au mtu mzima ana mojawapo ya hali hizo mbili za ukuaji wa ubongo, au zote mbili kwa pamoja. Usonji huathiri namna mtu anavyowasiliana na kuhusiana na wenzake, na huambatana na tabia za kujirudiarudia. ADHD ni kifupisho cha Kiingereza kinachotumika pia na madaktari wa Afrika Mashariki. Hutaja hali ya umakini usiokaa mahali pamoja, pupa na kutotulia kwa kiwango kisicholingana na umri. Makala hii inafuata njia ya mkazi wa Nduruma, kata ya wilaya ya Arumeru iliyo chini ya Mlima Meru, si mbali na jiji la Arusha.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoonyesha hali hizi. Daktari hutegemea historia anayosimuliwa na mambo anayoyaona mwenyewe. Kwa sababu hiyo mama, bibi na mwalimu huja na sehemu kubwa ya kipimo vichwani mwao, na familia ikifika bila maelezo hayo hurudishwa kuyatafuta.

Historia

Usonji ulielezwa na daktari Leo Kanner huko Baltimore, Marekani, mwaka 1943, kwa kuangalia watoto 11. Mtafiti Victor Lotter aliwatafuta watoto wa namna hiyo katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, akatoa matokeo yake mwaka 1978. Aliwakuta wachache sana, lakini aliwatafuta katika vituo vya watoto wenye ulemavu wa akili. Waliobaki nyumbani hawakuweza kuhesabiwa.

Hadi mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, unaofuatwa katika nchi nyingi, haukuruhusu mtu mmoja kupewa majina yote mawili. Sasa unaruhusu.

Njia ya mtoto

Safari huanzia zahanati au kituo cha afya, mahali mtoto anapopimwa uzito na kupata chanjo. Sera ya afya ya Tanzania inawasamehe watoto wa chini ya miaka mitano malipo ya matibabu katika vituo vya serikali, hivyo kuuliza mapema kuna faida ya fedha pia. Dalili za kuulizia ni mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka anapoitwa jina, asiyeonyesha kitu kwa kidole ili mwenzake naye akione, asiyesema neno lolote akiwa na mwaka mmoja na nusu, au aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza. Dalili hii ya mwisho haifai kusubiriwa hata mwezi mmoja.

Jambo la kwanza kupimwa ni masikio. Mtoto asiyesikia vizuri, pengine kwa sababu ya usaha wa muda mrefu, anaweza kuonekana kama mwenye usonji. Daktari huuliza pia kuhusu uzazi: je, mtoto alilia mara alipozaliwa? Alipata umanjano mkali? Aliwahi kuugua malaria ya ubongo au kupata degedege? Kifafa huwapata watu wenye usonji mara nyingi kuliko wengine, nacho kina dawa.

Kutoka hapo familia hupewa barua ya rufaa. Hospitali ya Wilaya ya Meru iko Tengeru, na ya rufaa ya mkoa, Mount Meru, iko mjini Arusha. Hospitali ya kanda ni KCMC iliyoko Moshi, kilometa 80 hivi kutoka Arusha, na ya taifa ni Muhimbili, zaidi ya kilometa 600. Nauli, malazi na siku za shamba zinazopotea ndizo zinazowarudisha wengi nyumbani kabla ya jibu. Afadhali kwenda na kila kitu kwa safari moja: kadi ya kliniki, madaftari na ripoti za shule, na video fupi za simu zinazoonyesha mtoto akicheza na akikasirika. Mtoto aliyeamshwa alfajiri akapandishwa basi hatendi mbele ya daktari kama anavyotenda nyumbani.

Wengine huanzia kwa mganga wa kienyeji au kwenye maombi. Haya hayamzuii mtu kwenda hospitali, mradi yasile miaka ambayo mtoto angekuwa anajifunza kuwasiliana.

Maswali na utamaduni

Dodoso moja maarufu la uchunguzi wa awali, M-CHAT-R, lina maswali 20 kwa mzazi wa mtoto wa miezi 16 hadi 30. Alama 0 hadi 2 ni hatari ndogo, 3 hadi 7 ya kati, 8 na zaidi kubwa. Alama hizo hazitoi jina la hali; zinaonyesha tu nani achunguzwe zaidi.

Hapa panahitaji akili ya mwenyeji. Swali la mchezo wa kuigiza hutaja mwanasesere au simu ya kuchezea. Huku uliza kama mtoto hubeba gunzi mgongoni kama mtoto mchanga. Swali la kutazamana machoni lina mtego wake, kwa kuwa mtoto wa Kimaasai au wa Kiarusha hufundishwa kumwinamishia mkubwa kichwa ili aguswe kwa salamu. Mtazame akiwa na mama yake na watoto wenzake. Vilevile, anayezungumza Kimeru au Kimaasai nyumbani anaweza kukaa kimya darasani kwa muda kwa kuwa Kiswahili bado kigeni kwake. Aulizwe kwa lugha ya nyumbani kwanza.

ADHD shuleni

ADHD hutambuliwa zaidi mtoto anapoanza shule. Mwongozo unataka dalili sita au zaidi kati ya tisa za upungufu wa umakini, au sita kati ya tisa za kutotulia na pupa, zilizodumu miezi sita, katika mazingira zaidi ya moja, na baadhi zikiwa zilianza kabla ya miaka 12. Anayetukuta shuleni tu, nyumbani akiwa shwari, pengine ana tatizo na shule yenyewe: haoni ubaoni, ana njaa, au anaogopa fimbo.

Msichana anayeota ndoto za mchana dirishani hamsumbui mtu, kwa hiyo haandikiwi barua. Katika darasa kubwa mwalimu humwona anayesimama juu ya dawati. Ndiyo maana wasichana wengi hufika utu uzima bila jibu.

Watu wazima

Kwa mtu mzima njia ni nyembamba zaidi. Huduma zilizopo zimejengwa kwa ajili ya watoto, na wanaofika kwa daktari wa afya ya akili mara nyingi hufika kwa sababu ya sonona, wasiwasi, ulevi au kuacha kazi kila baada ya miezi michache. Wengine hushtuka mtoto wao anapoelezewa na daktari, wakijiona wao wenyewe.

Dodoso la ADHD la Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima lina maswali 18, na 6 ya kwanza hutumika kwa uchunguzi wa awali. Kuanzia miaka 17 zinatosha dalili tano. Lakini sharti la utotoni linabaki, na shahidi wake ni mama, shangazi, kaka mkubwa au mwalimu wa zamani. Mwenye wazazi wazee asichelewe kuwauliza na kuandika wanayokumbuka: alianza kusema lini, alicheza na nani, alipoteza madaftari mara ngapi. Ripoti za shule za msingi zisitupwe.

Baada ya jibu

Jibu likiwa ndiyo, familia huomba ripoti ya maandishi. Ripoti hiyo hupelekwa kwa mwalimu mkuu, kwa afisa wa elimu maalumu wa halmashauri na kwa afisa ustawi wa jamii. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inayotambua haki ya elimu na huduma. Chuo cha ualimu wa elimu maalumu cha Patandi kiko Tengeru, jirani kabisa na Nduruma. KCMC ina shule ya wataalamu wanaowafundisha watu stadi za kila siku kama kula, kuvaa na kuandika.

Usonji wenyewe hauna dawa ya kuuondoa. Anayeuza dawa hiyo anauza maneno. ADHD ina dawa, ikiwemo methylphenidate, iliyo chini ya udhibiti wa kimataifa tangu mkataba wa mwaka 1971, hivyo huandikwa na daktari na kufuatiliwa kwa kupima uzito, mapigo ya moyo na presha. Jibu likiwa hapana, familia iulize basi ni nini, na irudi mtoto anapoanza darasa jingine ikiwa mambo hayajabadilika.