Nyimbo za Njiani na Nyimbo za Kanisani

Zamani, kabla ya gari la moshi kufika Tabora mwaka 1912, Wanyamwezi wengi wa Nzega na Tabora walikuwa wapagazi. Walijitwika mizigo, mara nyingi ya frasila 2, yaani karibu kilo 32, wakaenda kwa miguu hata pwani. Kirangozi alitangulia akiimba, na wenzake wakaitikia. Waliimba habari za njaa na taabu ya njia. Tena waliimba furaha ya kurudi kwao. Wimbo haukupunguza uzito wa mzigo, bali uliwatia nguvu waliouchukua.

Wayahudi wa kale nao walikuwa na nyimbo za safari, ndizo Zaburi ya 120 mpaka ya 134. Na katika Zaburi ya 13 mtu amlilia Mungu kwa uchungu, kisha amaliza kwa kumtumaini. Basi kulia si kukosa imani.

Lakini kwa miaka mingi makanisa mengi ya nchi hii yaliimba kwa sauti za Ulaya, kwa maana wengine waliogopa ngoma. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza muziki wa kila taifa upewe heshima yake katika ibada. Na mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, Mluteri, alitunga wimbo wa Pasaka unaoimbwa kwa sauti ya Kihaya.

Sauti iliyozoewa shambani na njiani hufika moyoni upesi. Ailetaye kanisani asifiche taabu, wala asisahau tumaini.