Je, Wajua? Ramani Isiyo na Juu wala Chini

Miaka 254 kabla ya mwanadamu kupaa kwa puto, mji wa Vienna ulikwisha kuchorwa kama auonavyo kipanga. Ilikuwa mwaka 1529, nao umehusuriwa na majeshi ya Sultani Suleiman wa dola ya Uthmaniya. Mchoraji alipanda mnara wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano, wenye kimo cha mita 136, akageukia kila upande na kunakili alichokiona: buruji za mji, mahema ya maadui, na vitongoji vilivyounguzwa.

Niklas Meldeman, mchapaji wa Nürnberg, aliinunua kazi hiyo, na mwaka 1530 akaichapisha kwa mbao sita za kuchonga.

Ajabu yake ni umbo: ramani ni duara, kanisa katikati, upeo wa macho ukingoni. Msomaji hana budi kuizungusha karatasi, ama sivyo nusu ya askari watasimama vichwa chini, miguu juu!

Nyumba nyingi za raia hazikuchorwa. Makanisa na majeshi ndiyo yaliyopewa nafasi. Kwa atakaye tafsili zaidi, Meldeman alitoa na kijitabu cha maelezo.